Jumamosi Tano Bila Jibu

Nilimsikia. Naanza na hapo kabisa, kwa sababu nimeshasema uongo mmoja kuhusu jambo hili na sina nguvu ya kusema wa pili. Jumamosi tano mfululizo, saa nne asubuhi, rafiki yangu aliniita redioni kwa alama ya kituo changu, herufi na namba zinazonitambulisha hewani. Mara zote tano nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, redio iko wazi, sauti imepandishwa, nami nimekunja mikono kifuani kama mtoto aliyenuna.

Mimi ni fundi wa friji. Lakini katika klabu yetu ya redio za ridhaa, yaani sisi watu wazima tunaounda mitambo, kufunga antena juu ya mapaa na kuongea na watu wa mbali kwa raha zetu tu, naitwa Katibu. Mimi ndiye ninayeandika kanuni, na mimi ndiye ninayewakumbusha watu kanuni hizo hata wakiwa wanakula. Rafiki yangu ni fundi cherehani. Klabuni wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake pia, maana akikuchoma unacheka kwanza, maumivu unayasikia ukishafika nyumbani.

Karakana yangu na duka lake vilipakana kwa miaka ishirini na mbili. Kwenye ukuta wa kati kulikuwa na tundu nililolitoboa mimi mwenyewe ili waya wa antena yake upitie kwangu kwenda juu, kwa sababu paa la upande wake lilikuwa bovu. Kupitia tundu hilo alinifundisha msimbo wa Morse, ile lugha ya nukta na vistari. Hakuwa na mtambo wa mazoezi. Alitumia kastabini, kile kikofia cha chuma ambacho mafundi cherehani huvaa kidoleni wasichomwe. Nukta aligonga meza, kistari alikwaruza. Mteja wangu anasimulia friji yake ilivyoanza kuvuja gesi yenyewe tu, bila sababu, nami nasikia ng'ambo ya ukuta, gonga, kwaruza, gonga: MUONGO HUYO, AMEKWANGUA BARAFU KWA KISU. Nikikagua nakuta kweli, tundu la kisu.

Ugomvi wetu uliletwa na daktari wa meno. Huyu mama ndiye mwenyekiti wa klabu, mdogo wetu kwa umri, mchapakazi, na ana mkono mwepesi kwa meno na kwa mitambo. Juu ya paa la shule moja tuna kirudishi, kisanduku kinachopokea sauti dhaifu ya mwanachama na kuirusha upya kwa nguvu ili mji mzima usikie. Daktari akakiunganisha na intaneti. Tangu hapo mtu mwenye leseni ya redio, hata akiwa nchi ya mbali hana antena wala mtambo, aliweza kuongea kwenye simu yake ya mkononi na sauti yake ikatokea kwenye redio zetu. Kabla haijatokea husikika mlio wa sauti mbili, ti-too, kutuarifu kwamba mgeni amekuja kwa mtandao. Mimi niliuita kengele ya dukani.

"Redio ni mawimbi," nilisema kwenye mkutano, nimesimama wakati wengine wote wamekaa. "Sauti inatoka kwenye antena yangu, inapanda, inagonga anga, inashuka upande wa pili wa dunia ikiwa imechoka, na mtu anaidaka. Katikati hakuna kitu cha mtu. Hii yenu imesafiri kwenye nyaya za makampuni njia nzima, mita mia tano za mwisho ndipo mnaipandisha hewani. Hiyo si redio. Hiyo ni simu iliyovaa koti la redio."

Sindano alikuwa anashona kifungo cha shati la mtu, hata mkutanoni haachi. Hakuinua macho.

"Katibu, nikipanda basi kuja kwako, nikashuka kituoni, nikatembea hatua kumi mpaka mlangoni. Nimekuja au sikuja?"

"Umekuja. Lakini usijisifu kwamba umetembea."

"Sijisifu bwana. Mimi nilitaka kukuona tu."

Watu walicheka sana. Mimi nilichukia, kwa sababu alinichekesha hata mimi na sikutaka. Nikaipigania kanuni yangu mpaka ikapita kwa tofauti ya kura mbili: mawasiliano yanayopitia mtandao yasiingizwe kwenye daftari la klabu, na mwanachama asilazimike kuyajibu. Niliiandika kwa mkono wangu, nikapiga mstari chini yake.

Wiki mbili baadaye Sindano alifunga duka. Alisema binti yake anayeishi ng'ambo amemwita akakae na wajukuu. Binti anaishi ghorofa ya tisa, kwenye jengo ambalo hata kamba ya kuanikia nguo dirishani ni kosa, seuze antena. Nilimsaidia kufunga sanduku. Alikuwa anakohoa, nikamwambia ni vumbi la vitambaa.

"Nitakuita Jumamosi, saa nne ya huku," alisema. "Kwa ile simu yako yenye koti."

"Sitajibu."

"Utajibu."

"Kanuni nimeiandika mimi, Sindano. Nikiivunja mimi, nani ataifuata?"

"Wewe kichwa chako kigumu," alisema akikaza kamba ya sanduku, "lakini masikio unayo."

Jumamosi ya kwanza, saa nne kamili, ti-too. Akaniita. Alama yangu mara mbili, yake mara moja, safi, kama kitabu kinavyotaka. Sikujibu. Akaendelea kusema hivyohivyo, akijua tabia yangu. Alisema kutoka dirishani anaona paa la kiwanda na njiwa waliojaa juu yake, na njiwa mmoja anamkumbusha mimi kwa anavyotembea. Nilitabasamu, nikajishika, nikakunja mikono.

Hapa lazima nieleze adabu yetu, maana ndiyo iliyokamilisha ubaya wangu. Mtu akiita kituo fulani, wengine hawadandii. Wanakaa kimya wampishe aliyeitwa. Kwa hiyo wanachama wote waliokuwa wanasikiliza asubuhi ile walikaa kimya kwa heshima yangu. Walidhani sipo nyumbani. Kimya changu kikawa kimya cha mji mzima.

Jumamosi ya pili alisimulia mjukuu wake wa kike anavyomfundisha kutumia lifti, na kwamba anashona pazia kwa mkono kwa kukosa cherehani. Ya tatu sauti yake ilikuja na mikwaruzo. Ilikatika katikati ya maneno, ikawa nyembamba, ikawa nzito. Lazima niliandike hili: nilifurahi. Nilimgeukia mke wangu aliyekuwa anapita na nguo za kufua nikamwambia, "Unasikia? Unasikia mtandao unavyoharibu sauti ya mtu? Huyu ni Sindano kweli?" Miaka ishirini na mbili nimeisikia sauti ile kupitia tundu la ukuta. Ilipoanza kufa, nikailaumu intaneti.

Jumamosi ya nne ilikuwa mbaya zaidi. Alisema maneno machache, akapumzika, akasema mengine. "Katibu. Kama upo. Salimia tu." Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikashika maiki, nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka. Ukibonyeza hivyo, hata usiposema kitu, kila anayesikiliza anasikia mlango umefunguka: pumzi fupi ya ukimya, kisha kishindo kidogo unapoachia. Nikaifikiria kanuni. Nikafikiria wanachama wanavyonisikia nikimjibu mtu wa kengele ya dukani. Nikaachia.

Ya tano aliita alama yangu mara mbili. Akasema, "Nitakuwa kimya kidogo." Basi.

Siku kumi na moja baadaye binti yake alinipigia simu karakanani. Nilikuwa nimelala chali chini ya friji ya mwenye bucha, nikaipokea simu kwa bega.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mzee hajambo?"

Akanieleza. Ilikuwa kansa ya koo, na walikuwa wakiijua tangu kabla hajasafiri. Hakutaka mtu aambiwe. Madaktari wa huko walijaribu kuokoa sauti wakashindwa, wakaondoa kisanduku chote cha sauti kooni. Anapumua kwa tundu shingoni. Yuko hai, anakula, anatembea mpaka dirishani. Kusema, hatasema tena.

Nilitoka chini ya friji nikakaa sakafuni.

"Baba mdogo, kuna kitu anauliza. Anaandika kwenye karatasi, kila siku kilekile. Anasema alikuwa anakuita Jumamosi. Anauliza kama ulimsikia."

Lilikuwa swali la ndiyo au hapana. Mwenye bucha amesimama mlangoni ananiangalia, mkononi mwangu kuna bisibisi.

"Redio yangu ilikuwa imeharibika, mwanangu," nikasema. "Nilikuwa nasubiri kipuri."

"Ah," akasema, nikasikia anavyoshusha pumzi. "Afadhali. Afadhali kabisa. Nitamwambia ni redio tu."

Lile neno afadhali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi niliyesimama mkutanoni kutetea ukweli wa redio nilikuwa nimemdanganya binti wa rafiki yangu, na yeye amekwenda kumpelekea baba yake uongo ule kwa furaha, kama mtu anayepeleka matunda hospitali. Kesho yake nilifunga vibaya bomba la gesi, kazi ninayoweza kuifanya nimefumba macho.

Mke wangu alinitazama siku tatu. Siku ya nne akakaa mbele yangu.

"Redio ipi iliyoharibika?"

"Nani kakwambia?"

"Binti alinipigia na mimi kunisalimia. Ananiambia poleni na redio. Nikamwambia asante, kwa sababu sikujua umesema nini." Akaondoa sahani yangu ambayo sikuigusa. "Mume wangu, mimi nilikuwa nafua pale uani. Nilimsikia kila Jumamosi. Nilidhani mmegombana jambo kubwa."

"Ilikuwa kanuni."

"Mm," alisema, na hakuongeza. Ningependa angeongeza. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Nilijaribu kumpigia binti nimweleze. Mara mbili nilibonyeza namba zote isipokuwa ya mwisho. Nilijiambia kwamba mgonjwa anahitaji utulivu, kwamba ukweli utamuumiza bure, kwamba redio iliyoharibika haimdhuru mtu. Ni ajabu mtu anavyokuwa na huruma akitaka kuficha aibu yake mwenyewe. Nafsi ilinisuta, nami niliijibu kama wakili.

Jumamosi iliyofuata niliwasha redio saa nne kasorobo. Sikuwa nasubiri kitu. Niliiwasha kama mtu anavyopita mbele ya nyumba aliyohamishwa.

Saa nne kamili, ti-too.

Hakuna sauti. Kisha kitu kikagonga, kikakwaruza, kikagonga tena, kavu, bila mpangilio kwa asiyejua. Kikanyamaza. Kikaanza tena. Nikasikia sauti ya daktari wa meno, ya haraka, nyuma yake mashine ya kutobolea meno inazunguka.

"Wanachama, kuna kelele kwenye kiungo cha mtandao, naona ni hitilafu. Nakikata kwa sasa, nitakirudisha mchana."

Nilirukia maiki nikaangusha kikombe.

"Daktari, usikate! Usikate, nakuomba. Hiyo siyo kelele. Huyo ni Sindano. Anaongea kwa kastabini."

Mashine ya meno ikazimwa.

"Katibu? Ni wewe unayesema nisikate?"

"Ni mimi."

"Haya," akasema polepole. "Kiungo kiko wazi. Wengine wote tukae kimya."

Kwa hiyo wote walikuwepo. Mwalimu wa hesabu, dereva wa gari la zimamoto, mapacha wa duka la rangi, wote niliowasomea kanuni yangu. Ti-too. Gonga, kwaruza. Alama yangu mara mbili, yake mara moja, kama kitabu kinavyotaka. Niliandika herufi moja moja nyuma ya risiti, ingawa sikuhitaji kuandika, nilimwelewa kama zamani kupitia ukuta.

REDIO IMEPONA?

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja, na mambo yangekwisha pale pale, watu wangefurahi, daktari angerudi kwa mgonjwa wake. Nilichukua bisibisi. Nilijiambia kwamba yeye anagonga, na mimi nigonge, ni heshima. Kumbe nilikuwa najificha tena. Nikagonga na kukwaruza ubavu wa maiki: alama yake, alama yangu, kisha neno moja, POLE.

Ti-too.

WEKA BISIBISI. ONGEA. MIMI MASIKIO NINAYO.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Nikaweka bisibisi mezani. Nikabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka, na safari hii sikuachia.

"Sindano," nikasema. "Redio haikuharibika. Nilimdanganya binti yako. Nilikuwa hapa. Nilikusikia, zote tano. Nilikaa nikakunja mikono kwa sababu ya kanuni, na kwa sababu nilitaka wewe ndiye ushindwe. Wanachama wote mnanisikia, na ninataka mnisikie. Aliniita mara tano na nilikuwepo."

Nikaachia kitufe. Nilihesabu mpaka ishirini na nane.

Ti-too. Gonga, kwaruza, polepole, kama mtu anayeshona pindo.

NAJUA. YA NNE ULIBONYEZA.

Basi alijua. Alipotuma swali lake kila siku kwenye karatasi, alikuwa anajua. Alipoambiwa ni kipuri, alijua. Nilitaka sakafu ipasuke nipite. Kabla sijapata la kusema, akaendelea, neno moja.

RIPOTI.

Kwa wasiojua: kila mawasiliano yetu lazima yawe na ripoti, namba mbili ambazo kila upande humpa mwenzake. Ya kwanza ni jinsi maneno yanavyoeleweka, mwisho tano. Ya pili ni nguvu ya sauti, mwisho tisa. Huitoi kwa kumpendeza mtu, unatoa ulichosikia. Hii pia nimeiandika mimi kwenye kanuni. Rafiki yangu asiye na sauti alikuwa ananiomba ripoti ya sauti yake.

"Jumamosi ya kwanza, tano tisa," nikasema. "Ulisema kuna njiwa anatembea kama mimi. Ya pili, tano tisa. Ulikuwa unashona pazia. Ya tatu..." Nilimtazama mke wangu pale mlangoni. "Ya tatu, nne kwa saba. Kulikuwa na mikwaruzo. Nikasema ni mtandao unaiharibu sauti yako. Nilifurahi, Sindano. Nilimwita mke wangu asikie. Ya nne, tatu kwa tano. Ulisema nisalimie tu. Ya tano, mbili kwa tatu, lakini alama yangu niliisikia mara zote mbili."

Sikumbuki kama niliaga. Nilikuwa nalia, na maiki yetu ile haifichi kitu.

Alichelewa kujibu. Nilidhani amechoka, au amekata, na ningesema ana haki. Kisha ikaja kengele ya dukani. Masikio yangu yaliisubiri kwa hamu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kituo chochote cha ng'ambo kilichonijia kwa mawimbi safi.

WEWE TANO TISA. SAUTI INATETEMEKA. ANDIKA ZOTE.

Daktari wa meno hakusema kitu juu ya kanuni, wala mwingine yeyote. Baada ya muda dereva wa zimamoto alimsalimia Sindano, na wengine wakafuata mmoja mmoja, nami nikawasomea majibu yake, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyeijua kastabini ile. Sasa hiyo ndiyo kazi yangu kila Jumamosi. Mwalimu wa hesabu ameanza kujifunza, anagonga meza yake kwa funguo na kukosea vibaya.

Siku ile, watu walipotawanyika, nilivuta daftari la klabu. Nilichukua kalamu ya wino. Niliandika mistari mitano kwa tarehe zake, saa nne asubuhi, alama ya kituo chake, na ripoti nilizompa. Mstari wa sita nikaujaza wote. Ile mitano ya juu ina safu ya mwisho, ya ripoti ambayo yeye angenipa mimi, na hiyo nimeiacha tupu mara tano, kwa sababu hakuna neno langu alilolisikia.